Monosakaridi

Monosakaridi (pia: sukari sahili) ni molekuli ndogo kabisa za kundi la kabohaidreti. Haziwezi kuvunjwa kwa maji na asidi ili kupata sukari ndogo zaidi. Inayojulikana kuliko zote ni glukosi, ambayo ndiyo sukari ya damu. Nyingine ni fruktosi ya matunda na asali, galaktosi inayopatikana katika maziwa, na ribosi iliyomo ndani ya RNA. Sukari nyeupe ya dukani si monosakaridi: kila molekuli yake ni glukosi moja iliyoungana na fruktosi moja.

Viumbehai hutumia sukari sahili kwa namna tatu: kama fueli, kama matofali ya kujengea na kama alama za utambulisho. Katika kazi zote tatu idadi ya atomu pekee haitoshi kueleza kinachotokea, kwa kuwa mpangilio wa atomu hizo ndio unaoamua. Glukosi na galaktosi zina atomu 24 zilezile, zikitofautiana katika mwelekeo wa kundi moja tu la oksijeni na hidrojeni. Hata hivyo mwili huzitambua kuwa vitu viwili. Mtoto anayezaliwa bila kimeng'enya cha kuchakata galaktosi anaweza kufa kwa kunywa maziwa ya mama yake.

Jina

Neno limeundwa kutokana na Kigiriki: monos (moja, pekee) na sakkharon (sukari). Neno hilo la pili lina asili moja na neno la Kiswahili "sukari". Chanzo cha yote mawili ni Kisanskrit śarkarā, lililomaanisha pia changarawe, pengine kwa sababu ya chembechembe zake. Njia moja ilipitia Uajemi na Uarabuni (sukkar) hadi pwani ya Afrika Mashariki. Nyingine ilipitia Ugiriki hadi kwenye vitabu vya kemia. Majina ya sukari mbalimbali huishia kwa -osi: glukosi, ribosi, laktosi.

Muundo

Uti wa mgongo wa monosakaridi ni mnyororo wa atomu za kaboni, kwa kawaida kuanzia 3 hadi 7. Karibu kila kaboni imebeba kundi la haidroksili (OH), isipokuwa moja ambayo imeshikana na oksijeni kwa kifungo maradufu. Kaboni hiyo ikiwa mwishoni mwa mnyororo, sukari huitwa aldosi; ikiwa ndani ya mnyororo, huitwa ketosi. Glukosi ni aldosi, fruktosi ni ketosi, na zote mbili zina fomula C₆H₁₂O₆.

Kwa idadi ya kaboni, sukari yenye 3 huitwa triosi, yenye 5 pentosi na yenye 6 heksosi. Nyingi zinafuata kanuni kwamba kwa kila kaboni moja kuna hidrojeni mbili na oksijeni moja, kana kwamba kaboni imechanganywa na maji. Ndiyo asili ya jina "kabohaidreti". Lakini kanuni hiyo ina wasiofuata: dioksiribosi, sukari ya DNA, ina oksijeni moja pungufu (C₅H₁₀O₄).

Makundi mengi ya OH yana matokeo mawili makubwa. Kwanza, yanavutana na maji, hivyo sukari huyeyuka kwa urahisi katika damu na katika utomvu wa mimea. Pili, kwa sababu hiyohiyo, sukari haiwezi kupenya yenyewe utando wa seli, ambao ni wa mafuta. Inahitaji mlango wa protini. Sehemu kubwa ya yale yanayoelezwa hapa chini, kuanzia kisukari hadi tiba ya kuhara, ni habari za milango hiyo.

Atomu zilezile, sukari tofauti

Kaboni iliyoshikwa na vitu vinne tofauti inaweza kupangwa kwa namna mbili ambazo hazilingani, kama kandambili ya kulia na ya kushoto. Glukosi ikiwa katika mnyororo ina kaboni nne za aina hiyo. Kila moja ikiwa na namna mbili, kuna mipangilio 2 × 2 × 2 × 2, yaani aldosi 16 zenye kaboni 6. Kati ya hizo, tatu tu ndizo za kawaida katika viumbehai: glukosi, galaktosi (tofauti iko kwenye kaboni ya 4) na manosi (tofauti iko kwenye kaboni ya 2).

Mipangilio hiyo 16 ni jozi 8 za taswira za kioo, zinazoandikwa kwa herufi D na L. Viumbehai hutumia hasa upande wa D. Glukosi ya upande wa L ina ladha tamu ulimini, lakini mwili hauwezi kuichoma kupata nishati, kwa kuwa vimeng'enya vinavyoanza kazi hiyo vimetengenezwa kushika D tu. Wapo wachache wa upande wa pili, kama vile L-fukosi iliyopo juu ya seli zetu na L-arabinosi ya mimea.

Mnyororo na pete

Vitabu vingi huchora glukosi kama mnyororo ulionyooka. Picha hiyo inafaa kwa kufundishia, lakini katika maji ni chini ya molekuli moja kati ya elfu iliyo katika hali hiyo. Zilizobaki zimejikunja: OH ya kaboni ya 5 hushikana na kaboni ya 1, na pete ya pembe sita hutokea. Pete inapofungwa, OH mpya ya kaboni ya 1 inaweza kuelekea upande mmoja (alfa) au mwingine (beta). Pete hufunguka na kufungwa mara kwa mara, na mwishowe katika maji hupatikana takriban 36% za alfa na 64% za beta. Beta huzidi kwa sababu makundi yake yote makubwa yamekaa kwa nafasi, bila kusongana.

Ule mnyororo uliofunguka, ingawa ni nadra, una umuhimu kitabibu. Ncha yake hushambulia protini na kujibandika bila msaada wa kimeng'enya chochote. Katika damu hujibandika kwenye hemoglobini, na kadiri sukari inavyokuwa nyingi ndivyo hemoglobini nyingi zaidi inavyobandikwa. Seli nyekundu huishi takriban siku 120, kwa hiyo kipimo kiitwacho HbA1c huonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Mgonjwa aliyejinyima vyakula vitamu siku mbili kabla ya kliniki anaweza kupata kipimo kizuri cha asubuhi, lakini HbA1c haibadiliki kwa siku mbili. Kwa kawaida kiwango cha 6.5% au zaidi huhesabiwa kuwa kisukari. Hata hivyo kwa mtu mwenye selimundu, au ugonjwa mwingine unaofupisha maisha ya seli nyekundu, kipimo hiki huweza kutoa jibu la chini kuliko hali halisi, na daktari hulazimika kutumia njia nyingine.

Glukosi hujibandika polepole kuliko galaktosi na fruktosi, kwa kuwa pete yake ni tulivu zaidi. Wataalamu kadhaa wanaona hii kuwa mojawapo ya sababu za viumbehai kuichagua glukosi, badala ya sukari nyingine, iwe ndiyo inayozunguka ndani ya mwili.

Kuunganishwa kwa sukari sahili

Sukari sahili mbili zikiungana huzaa disakaridi na molekuli moja ya maji. Sukrosi (sukari ya miwa) ni glukosi na fruktosi. Maltosi ni glukosi mbili. Laktosi ya maziwa ni galaktosi na glukosi. Ukuta wa utumbo mwembamba haunyonyi disakaridi nzima. Sharti kwanza zikatwe na vimeng'enya vilivyo juu ya ukuta huo.

Kimeng'enya cha kukata laktosi huitwa laktasi. Watoto wachanga karibu wote wanacho, lakini kwa watu wengi duniani hupungua baada ya utotoni. Laktosi isiyokatwa hufika kwenye utumbo mpana, ambako bakteria huila na kutoa gesi. Matokeo ni tumbo kujaa, kuunguruma na kuhara. Mwaka 2007 timu iliyoongozwa na Sarah Tishkoff ilichapisha utafiti uliofanywa kati ya watu wa Tanzania, Kenya na Sudan. Waligundua kwamba wafugaji wengi wa eneo hilo wanaendelea kutoa laktasi ukubwani kutokana na mabadiliko ya jeni yaliyo tofauti na yale ya Wazungu. Maana yake ni kwamba uwezo wa mtu mzima kunywa maziwa ulijitokeza zaidi ya mara moja, kila mahali kwa njia yake, baada ya watu kuanza kufuga. Asiye na uwezo huo mara nyingi anaweza kunywa mtindi bila shida, kwa kuwa bakteria wa kugandisha wameshakula sehemu ya laktosi.

Glukosi nyingi zikiungana huzaa wanga, glikojeni au selulosi. Hapa ile tofauti ndogo ya alfa na beta inakuwa kubwa ajabu. Katika wanga wa mahindi, muhogo au ndizi, glukosi zimeunganishwa kwa upande wa alfa. Mnyororo hujipinda kama springi, na kimeng'enya amilasi cha mate na cha kongosho huukata bila shida. Ndiyo maana mkate ukitafunwa muda mrefu bila kumezwa huanza kuwa mtamu. Katika selulosi glukosi zimeunganishwa kwa upande wa beta. Minyororo hunyooka, hulala sambamba na kushikana kuwa nyuzi imara zisizoyeyuka katika maji. Binadamu hana kimeng'enya cha kukata kifungo hicho. Kwa hiyo ugali na mwiko unaosongea ugali kwa sehemu kubwa vimeundwa kwa molekuli ileile ya glukosi, lakini ni kimoja tu kinachoshibisha. Ng'ombe na mchwa hufaidi selulosi kwa msaada wa vijidudu vinavyoishi matumboni mwao.

Fueli

Mimea ya kijani hutengeneza sukari kwa usanisinuru. Mlinganyo wa shuleni husema kwamba molekuli 6 za dioksidi kabonia na 6 za maji hutoa glukosi 1 na oksijeni 6. Huo ni muhtasari. Kitu cha kwanza kinachotoka ni sukari yenye kaboni 3 iliyobeba fosfati, na ndiyo inayotumiwa baadaye kuunda sukari nyingine. Mimea husafirisha sukari yake kutoka kwenye majani hasa kama sukrosi, si glukosi.

Mnyama hufuata njia ya kinyume. Ndani ya seli glukosi hukatwa kwa hatua 10 kuwa vipande viwili vyenye kaboni 3, na seli hupata faida ya ATP 2. Hatua hizi hazihitaji oksijeni. Oksijeni ikiwepo, vipande hivyo huendelea kuchomwa ndani ya mitokondria hadi kubaki dioksidi kabonia na maji, na jumla hufikia ATP 30 hivi kwa kila glukosi.

Seli nyekundu za damu hazina mitokondria, kwa hiyo hutegemea glukosi peke yake. Ubongo nao ni mlaji mkubwa: una takriban 2% ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu 20% ya nishati mtu akiwa amepumzika, sawa na gramu 120 hivi za glukosi kwa siku. Wakati wa njaa ya siku nyingi ubongo hujifunza kutumia pia ketoni zinazotokana na mafuta, lakini hauachi kabisa kuhitaji glukosi.

Sehemu ndogo ya glukosi hupita njia nyingine, ambayo huzalisha ribosi kwa ajili ya kuunda RNA na DNA, pamoja na kemikali inayolinda seli dhidi ya uharibifu wa oksijeni. Kimeng'enya cha kwanza cha njia hiyo huitwa G6PD. Upungufu wake ni wa kurithi, na ni wa kawaida katika nchi zenye malaria au zilizowahi kuwa nayo, Afrika Mashariki ikiwemo. Mwenye upungufu huo kwa kawaida haumwi, ila akipewa dawa fulani, hasa primakwini ya malaria, seli zake nyekundu zinaweza kupasuka.

Fruktosi huchakatwa hasa katika ini. Inafaa kusema hapa kwamba asali, ingawa ni ya asili, kwa sehemu kubwa ni glukosi na fruktosi. Imani ya baadhi ya watu kwamba asali haipandishi sukari ya damu haina msingi. Molekuli ya glukosi haina kumbukumbu ya kama ilitoka kwenye mzinga au kiwandani.

Glukosi katika damu

Damu yote ya mtu mzima huwa na gramu 4 hadi 5 tu za glukosi, yaani kijiko kimoja cha chai. Akiba iko kwingine: gramu 100 hivi za glikojeni katika ini na takriban gramu 400 katika misuli. Ya ini hutolewa kwa ajili ya mwili wote. Ya misuli hutumika palepale ilipo.

Kiwango katika damu hulindwa na homoni mbili za kongosho. Insulini hutolewa baada ya kula. Husababisha seli za misuli na mafuta kupandisha milango ya glukosi kwenye utando wao, na huamuru ini kuweka akiba. Glukagoni hufanya kinyume wakati wa kufunga. Milango ya ubongo na ya seli nyekundu haisubiri insulini.

Katika kisukari cha aina ya kwanza kongosho haitoi insulini. Katika aina ya pili, iliyo ya kawaida zaidi, seli haziitikii insulini vizuri na kongosho hushindwa polepole. Glukosi hubaki nje ya milango. Mtu mwenye afya akiwa hajala tangu usiku huwa na takriban milimoli 3.9 hadi 5.5 kwa lita, kuanzia 7.0 huhesabiwa kuwa kisukari. Ikipita takriban 10, figo hushindwa kuirudisha yote katika damu. Sukari inayobaki katika mkojo huvuta maji, na ndipo mgonjwa hukojoa sana na kuwa na kiu isiyoisha. Waganga wa India ya kale waliandika juu ya mkojo unaovutia sisimizi, na mwaka 1776 tabibu Mwingereza Matthew Dobson alithibitisha kwamba utamu huo ni sukari kweli. Insulini ilitengwa Toronto, Kanada, mwaka 1921. Kabla ya hapo mtoto mwenye aina ya kwanza alikuwa hana tumaini.

Hatari ya upande wa pili, sukari kushuka, huja haraka zaidi. Mgonjwa anayetumia insulini au vidonge fulani akikosa chakula anaweza kutetemeka, kutokwa jasho, kuchanganyikiwa na hatimaye kuzimia. Watu humdhania amelewa. Kama yuko macho na anaweza kumeza, hupewa gramu 15 hadi 20 za sukari, yaani vijiko vinne hivi vya chai katika maji, kisha chakula. Aliyezimia hanyweshwi kitu, kwa kuwa anaweza kupaliwa; apelekwe hospitalini mara moja. Katika malaria kali sukari hushuka pia, hasa kwa watoto na wajawazito. Vimelea wenyewe hula glukosi nyingi, mgonjwa hali chakula, na dawa ya kwinini huchochea kongosho kutoa insulini. Ndiyo sababu mtoto mwenye degedege la malaria hupimwa sukari bila kuchelewa.

Sukari, chumvi na kuhara

Katika ukuta wa utumbo mwembamba kuna mlango uitwao SGLT1. Hufunguka kwa masharti: molekuli moja ya glukosi (au galaktosi) iingie pamoja na chembe mbili za sodiamu. Vikishaingia, maji huvifuata. Fruktosi haitambuliwi na mlango huu. Ina mlango wake, usiohitaji sodiamu. Mwaka 1960, katika mkutano huko Prague, mwanabiokemia Mmarekani Robert Crane alieleza kwa mara ya kwanza kwamba sukari na sodiamu husafiri pamoja.

Ugunduzi huo ulikuwa na maana kubwa kuliko ulivyoonekana. Sumu ya kipindupindu hulazimisha utumbo kumwaga maji na chumvi, na mgonjwa anaweza kufa kwa kukaukiwa ndani ya saa chache. Akinywa maji matupu au maji ya chumvi peke yake, hayaingii vya kutosha. Lakini sumu hiyo haiharibu SGLT1. Mgonjwa akipewa chumvi pamoja na glukosi, mlango hufanya kazi na maji huingia hata kama kuhara kunaendelea. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutundika katika kambi ya wakimbizi huko Bangaon, India. Aliamua kuwanywesha wagonjwa mchanganyiko huo. Vifo vya wagonjwa wa kipindupindu vilishuka kutoka takriban 30% hadi chini ya 4%.

Dawa ya ORS ya leo, kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2002, ina gramu 13.5 za glukosi, gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 2.9 za sitrati ya sodiamu na gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu kwa lita moja ya maji. Glukosi na sodiamu zipo kwa idadi sawa ya molekuli, milimoli 75 kila moja. Penye shida ya kupata pakiti, mchanganyiko wa nyumbani ni vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Sukrosi hukatwa utumboni na kutoa glukosi inayohitajika. Uji mwepesi wenye chumvi kidogo husaidia pia, kwa kuwa wanga wake huishia kuwa glukosi.

Vipimo si jambo la kubahatisha. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Sukari ikizidi hukaa utumboni na kuvuta maji kutoka mwilini, hivyo soda au maji yaliyokolezwa glukosi ya kopo huweza kuzidisha kuhara, ingawa wazazi wengi huvitoa kwa nia njema. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, naye hupewa pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14.

Sukari kama alama

Uso wa kila seli umefunikwa na minyororo mifupi ya sukari iliyobandikwa kwenye protini na mafuta. Seli hutambuana kwa minyororo hiyo, na virusi kadhaa huitumia kama kishikio. Virusi vya mafua hushika sukari iitwayo asidi sialiki.

Mfano unaojulikana na watu wengi bila wao kujua ni makundi ya damu. Seli nyekundu za watu karibu wote zina mnyororo mmoja wa msingi. Mtu wa kundi O huishia hapo. Wa kundi B ana galaktosi moja zaidi mwishoni. Wa kundi A mahali hapohapo ana galaktosi iliyoongezewa kipande chenye nitrojeni (N-asetili-galaktosamini). Wa AB ana zote mbili. Hiyo tu ndiyo tofauti, lakini ukimwekea mtu wa kundi O damu ya A, kingamwili zake zitashambulia seli hizo mara moja na anaweza kufa. Karl Landsteiner aligundua makundi hayo huko Vienna mwaka 1901. Kwamba tofauti ni ya sukari ilionyeshwa Uingereza katika miaka ya 1950 na Walter Morgan na Winifred Watkins.

Utambuzi maabarani

Wanafunzi wa sekondari hukutana na monosakaridi kwa mara ya kwanza kupitia kipimo cha Benedict. Kimiminika cha buluu chenye shaba huchemshwa pamoja na chakula kilichosagwa. Sukari ikiwepo, rangi hubadilika kuwa kijani, njano, chungwa na mwisho nyekundu ya tofali. Kinachofanya kazi ni ule mnyororo uliofunguka. Pete zinapofunguka moja baada ya nyingine, hatimaye sukari yote hushiriki. Sukrosi haibadilishi rangi, kwa kuwa pete zake mbili zimefungana kwenye zile kaboni ambazo zingefunguka. Ndiyo maana mwanafunzi huagizwa kuichemsha kwanza na asidi, kisha kuondoa makali ya asidi kwa magadi, kabla ya kurudia kipimo.

Historia ya utafiti

Mwaka 1747 Andreas Marggraf wa Berlin alitenga glukosi kutoka kwenye zabibu kavu. Jina "glukosi" lilitolewa Ufaransa mwaka 1838. Fomula ilipojulikana lilibaki fumbo: zile sukari nyingi zenye atomu sawa zinatofautiana vipi?

Fumbo hilo lilifumbuliwa na Mjerumani Emil Fischer. Mwaka 1891, bila chombo chochote cha kuonea molekuli, alipanga glukosi na nduguze kwa kufuatilia ni ipi hugeuka kuwa ipi, na ni zipi hutoa fuwele zinazofanana. Mwaka 1894, baada ya kuona kwamba kimeng'enya kinachokata sukari ya umbo la alfa hakigusi ile ya beta, alifananisha kimeng'enya na sukari yake na kufuli na ufunguo. Mfano huo bado hufundishwa. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1902. Umbo la pete lilithibitishwa baadaye, hasa kwa kazi ya Mwingereza Norman Haworth, aliyepata tuzo hiyo mwaka 1937.

Jambo moja Fischer hakuweza kulijua. Mbinu zake zilionyesha mpangilio wa kaboni moja ukilinganishwa na nyingine, lakini hazikuweza kusema kama molekuli halisi ni ile aliyoichora au taswira yake ya kioo. Alichagua upande mmoja, akijua kwamba anaweza kuwa amekosea. Jibu lilipatikana mwaka 1951, miaka 32 baada ya kifo chake, Mholanzi Johannes Bijvoet na wenzake walipotumia eksirei kupima fuwele za chumvi ya asidi tatariki. Fischer alikuwa amechagua upande sahihi, na michoro yake yote ikabaki kama ilivyo.